Makabidhiano ya Zamu, Korti ya Saba

Willis Odero hakuuona utepe mwekundu. Baadaye alijitetea kwamba jua la alasiri lilikuwa limepiga skrini ya kompyuta, na kwamba jirani yake, Mama Rispa, alikuwa amesimama mlangoni akimwuliza kwa mara ya tatu kama kazi imekwisha. Lakini utepe ulikuwepo, upana wa kidole gumba, juu kabisa ya ukurasa, na aliyeuweka pale alikuwa yeye mwenyewe. Utepe wa kijani maana yake uko kwenye uwanja wa majaribio, ambako hata ukivunja kitu hakuna wa kulia. Mwekundu maana yake uko kwenye hifadhidata yenyewe, ile inayotegemewa na wanafizikia elfu mbili. Ijumaa hiyo, saa kumi alasiri, Willis alibonyeza "Chapisha" chini ya utepe mwekundu, akafunika kompyuta, akaenda kunywa chai.

Kazi yake aliifanyia katika chumba cha pili cha nyumba yake, mtaa wa Komarock, kati ya kabati la nguo na meza ya kupigia pasi. Huko Ulaya, chini ya ardhi, kulikuwa na mtambo wa kugonganisha chembe ambazo hakuna jicho litakaloziona, na mahali zilipogongana palisimama kigunduzi kikubwa kama jengo la ghorofa, kikipiga picha za vipande vilivyotawanyika. Vipande hivyo Willis aliwaachia wanafizikia wenyewe. Yeye alisimamia programu mbili za hifadhidata. Ya kwanza iliandika hali ya kigunduzi kila dakika, yaani joto, umeme na gesi, kwa kuwa picha isiyojulikana ilipigwa katika hali gani haina faida kwa mtu yeyote. Ya pili ilipanga zamu za watu wa kukaa katika chumba cha udhibiti, usiku na mchana. Mwaka wake wa majaribio ulikuwa ukingoni. Jumatatu wakubwa wangekaa kuamua kama apewe mkataba wa kudumu, au arudi kufufua printa katika jengo moja karibu na Muthurwa, kazi iliyompa miaka sita ya wino kwenye kola.

Majirani wa Korti ya Saba, ua la nyumba zinazochota maji kwenye tangi moja, walikuwa na maoni mengine kuhusu ajira yake. Mwanamume anayeshinda nyumbani akitazama kompyuta, kwa hesabu zao, ni mwanamume mwenye nafasi. Ndiyo sababu Mama Rispa, karani mstaafu wa reli na mshika ufunguo wa tangi la maji la korti, alimwomba amtengenezee ratiba ya zamu za kusimamia mfereji. Willis hakuona haja ya kujenga upya kilichokwisha kujengwa. Alinakili programu yake ya zamu kwenye uwanja wa majaribio, akaandika majina arobaini na mawili ya wakazi pamoja na namba zao za simu, akatunga na ujumbe wa kuwakumbusha. Ilikuwa, alijiambia, sawa na kuazima sufuria ya jirani: ukiisugua vizuri, nani atajua?

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, simu ililia. Alikuwa Hirad, mratibu wa zamu wa wiki hiyo, akipiga kutoka chumba cha udhibiti kule Ulaya. Alizaliwa mtaa wa Eastleigh, mji uleule wa Willis, na pasipokuwa na Mzungu wa kusikiliza walizungumza lugha ya nyumbani.

"Willis, niaje. Rispa Auma ni nani?"

Willis alishusha kikombe polepole. "Rispa yupi?"

"Si wewe ndiyo uniambie! Kiongozi wa zamu ya asubuhi ni Rispa Auma. Amethibitisha jana jioni. Mahali pa chuo pameachwa wazi. Huku wanadhani ni profesa mstaafu. Na mzee wa kikundi cha gesi ametumiwa ujumbe afike alfajiri na mtungi wa lita ishirini. Ameutafsiri neno kwa neno. Anauliza kama ni lazima mtungi uwe mpya."

Willis alifunua kompyuta, na sasa utepe mwekundu ulimkodolea macho. Mambo yalikuwa wazi kama maji ya mvua. Mtaalamu aliyepangiwa kuongoza zamu ya asubuhi alikuwa ameugua tumbo. Programu ikatafuta wa kushika nafasi yake miongoni mwa watu ambao mwaka mzima hawakuwa wamekaa zamu hata moja. Ikawakuta wakazi wa Korti ya Saba, wavivu wa kupindukia wote arobaini na wawili, ikaanza kuwatumia ujumbe mmoja baada ya mwingine, na Mama Rispa akajibu kabla haujawafikia wengine.

"Mtoe huyo Rispa, nikae mimi," alisema Hirad.

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Si programu ni yako?"

Hapo ndipo palipouma. Mwezi wa tatu, baada ya wanafunzi wawili wa uzamivu kupokonyana zamu ya Pasaka hadi karibu kushikana mashati, Willis aliandika kanuni kwamba mwenye zamu iliyothibitishwa hang'olewi na yeyote, isipokuwa aiachie mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe. Hata yeye, msimamizi wa programu, hakujiachia mlango. Alisifiwa sana kwa kanuni hiyo.

"Migongano inaanza saa moja za huku," alisema Hirad. "Yaani saa mbili za kwenu, imebaki robo saa. Kiti cha kiongozi kikiwa wazi, mtambo haufunguliwi, na kila dakika ya kungoja inaingia kwenye ripoti ya Jumatatu. Na unajua jina litakaloandikwa kando yake."

Willis alijua. Alikwapua kompyuta na kushuka ngazi kwa ndara.

Mama Rispa alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya tangi, leso imekazwa kiunoni, na mbele yake foleni ya watu sita na mitungi yao. Wa kwanza alikuwa Ngigi, fundi viatu wa nyumba namba tisa.

"Umeona nimefika?" alisema Mama Rispa kabla hajasalimiwa. "Ujumbe wako ulipoingia nikajibu NDIYO saa ileile. Si kama wengine."

"Mimi sikupata ujumbe," alisema Ngigi.

"Na ungepata ungelala."

"Mama," alisema Willis akihema, "ile zamu si ya maji. Ni ya... kigunduzi. Iko Ulaya."

Foleni nzima ilimgeukia Mama Rispa.

"Kumbe Mama ameandikwa kazi majuu!" alimaka Ngigi. "Na sisi tumesimama hapa na mitungi!"

"Nyamaza, Ngigi. Bado sijaambiwa masharti."

Willis alieleza kadiri pumzi ilivyomruhusu: kosa ni lake, kazi yake imo hatarini, na Mama anachotakiwa ni kutuma neno moja tu, ACHIA.

"Siachii," alisema Mama Rispa kwa upole. "Mwanangu, ufunguo huu nimeushika miaka kumi na mmoja, na sijaukabidhi kwa mtu ambaye sijamsikia. Anayepokea ni nani?"

"Anaitwa Hirad. Ni daktari wa fizikia."

"Sijauliza amesoma nini. Mpigie."

Ifahamike kwamba katika Korti ya Saba makabidhiano yana utaratibu wake. Anayeondoka hatoi taarifa. Anayeingia ndiye anayepanda ngazi ya tangi, anatazama, kisha anatangaza alichokiona mbele ya watu, ili kesho asije akalalamika kwamba alipewa tangi tupu. Mama Rispa hakuona kwa nini Ulaya pawe tofauti.

Willis aliweka simu kwenye kipaza sauti.

"Niaje, mathe," ilisema simu.

"Mathe ni wa kwenu. Mimi ni Mama Rispa."

"Samahani, Mama. Habari ya asubuhi?"

"Nzuri. Wewe ni kijana wa wapi?"

"Eastleigh, Mama."

"Basi shida ya maji unaijua. Haya, nipe hali ya hilo tangi lenu."

Hirad alicheka, kisha alipoona hakuna aliyecheka naye akakohoa na kuanza kusoma. "Gesi iko sawa. Umeme uko sawa. Joto ni nyuzi kumi na nane nukta mbili. Taa zote ni za kijani."

"Hiyo kumi na nane imepimwa saa ngapi?"

"Hifadhidata inapima yenyewe, Mama. Kila dakika."

"Sijauliza nani. Nimeuliza saa ngapi."

Ngigi aliweka mtungi chini asikilize vizuri.

"Hapa pameandikwa... saa nane usiku."

"Na sasa huko ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa moja asubuhi."

"Kwa hivyo unanisomea habari za watu waliolala. Huyu Ngigi aliwahi kuniapia kwamba tangi limejaa kwa sababu alilitazama Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa."

"Hiyo ilikuwa mwaka juzi, Mama!" alilia Ngigi. "Mpaka Ulaya lazima wajue?"

Willis hakusikia mengine. Alikuwa amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, kompyuta magotini. Saa nane usiku ndiyo saa ambayo hifadhidata hupitia orodha ya watu wote na kuwapanga kwa vyuo vyao. Ilikuwa imefika kwa wakazi wa Korti ya Saba, ikakosa chuo, ikasimama pale ikingoja. Nyuma yake, katika foleni hiyohiyo, vipimo vyote vya kigunduzi vilisimama pia. Taa zilibaki kijani kwa sababu zilitazama kipimo cha mwisho, na cha mwisho kilikuwa kizuri. Kama migongano ingeanza, picha za siku nzima zingekuwa kama picha za harusi ambazo hakuna anayekumbuka ni harusi ya nani.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Hilo wazo lilimjia, lazima tukiri, na likakaa naye kwa muda wa pumzi mbili.

"Hirad," alisema, "kosa hilo nalo ni langu. Usifungue mtambo. Nipe dakika ishirini."

Aliwaondoa wakazi mmoja mmoja, na foleni ya maji ikamzunguka kushuhudia.

"Huyo ni mimi!" alisema Ngigi. "Unanifuta?"

"Nakufuta."

"Hata sijawahi kupanda ndege!"

Arobaini na mmoja walitoka. Wa arobaini na mbili, kwa mujibu wa kanuni ya Willis, hakutoka. Lakini alikubali kupewa chuo, akachagua Shirika la Reli. Foleni ikasogea, na vipimo vikaanza kumiminika.

"Soma tena," aliamuru Mama Rispa.

"Joto nyuzi ishirini na tatu," alisema Hirad, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Limepanda. Kipoza kimoja kimezimika. Nimeshatuma fundi." Robo saa nyingine ilipita. Mama Rispa aliutumia muda huo kuwajazia watu wawili maji. "Sasa ni kumi na tisa na linashuka, Mama. Limepimwa dakika hii."

"Umeliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Mama Rispa alivaa miwani, akaandika ACHIA kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akatuma. Migongano ilianza ikiwa imechelewa dakika arobaini.

Ripoti ya Jumatatu Willis aliiandika mwenyewe, wala hakuficha utepe, ratiba ya maji, wala mtungi wa mzee wa gesi. Wakubwa waliisoma mara mbili. Mkataba wa kudumu hawakumpa. Walimwongezea mwaka mmoja wa majaribio, na wakampiga marufuku kuchapisha chochote siku ya Ijumaa.

Tangu wiki hiyo, anayepokea zamu katika chumba cha udhibiti huandika kwa mkono wake saa ya kipimo cha mwisho kabla programu haijamkubali. Ratiba ya maji ya Korti ya Saba iko kwenye daftari.