Viazi vya Mgongoni mwa Ezekia

Saa mbili asubuhi, katika hospitali ya misheni kule Makete, Daktari Oktavia alibandika picha ya eksirei kwenye ubao wa taa, akahesabu pingili za mgongo wa Ezekia kutoka juu kwenda chini. Kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno palikuwa na viazi viwili. Chini yake kulikuwa na kingine kikubwa, kimeanza kuchipua.

"Unapakia lumbesa, kaka?"

"Mwaka wa kumi na nne, daktari. Sokoni Makambako."

Lumbesa ni gunia lililojaa, likashonewa kipande cha gunia jingine juu, kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria inakataza. Kile kilichozidi hakikuandikwa popote, kwa hiyo kilibaki mgongoni mwa mpakiaji. Ezekia alikuwa amepungua sentimita kumi na moja, na tangu Pasaka hakuweza kusimama wima. Mkewe, Lidia, ndiye aliyemfungia kamba za viatu.

"Nitanyooka?"

"Ukivumilia baridi ya huku, utanyooka."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Vilitoka viazi kumi na tisa, vyote vizima. Muuguzi aliviosha, vikapikwa na maharage, wodi ya mifupa ikala ikashiba.

"Vya Kitandililo hivi, havina maji," alisema mzee Odilo, aliyevunjika paja. "Ungechelewa mwaka mmoja zaidi, bwana, tungekula mpaka Krismasi."

Wiki ya sita Ezekia aliweka magongo kando, akasimama. Aliona utosi wa Lidia, ambao hakuwa ameuona kwa miaka mingi. Lidia alicheka huku akifuta machozi. Walimpelekea Daktari Oktavia jogoo, naye akampokea kwa mikono miwili.

"Usibebe tena."

"Nimesikia, mama. Mungu akubariki."

Kwenye benchi la nje walisubiri wapakiaji wanne, wote wameinama.

Jumapili Ezekia alitoa shukrani kanisani. Jumatatu akarudi sokoni, maana kazi nyingine hakupata. Tajiri wake, Severini, alimtazama kuanzia nyayo hadi utosi, akafurahi kwa dhati.

"Kamwene, Ezekia! Umerudi mrefu!"

"Kamwene, bosi. Namshukuru Mungu."

"Tumshukuru sote." Severini akamgeukia mshonaji wa magunia. "Shedrack, ongeza debe moja juu. Kimo sasa anacho."