Kurudisha Kibali

Kazi yangu ni kufuatilia vibali. Shemeji yangu, mume wa dada, ana kampuni ya kufunga mabomba ya kuzimia moto, yale yanayopita darini na kumwaga maji chumba kikipata joto kali. Yeye anachora na kufunga. Mimi ndiye ninayepanga foleni manispaa na mafaili kwapani. Ni mwaka wa kumi na moja sasa. Najua kila dirisha la ofisi ile, na najua nani anakunywa chai saa ngapi. Watu hudhani ni kazi ya miguu, kumbe ni ya ulimi.

Jengo lililoniponza ni makao ya wazee, ghorofa saba. Mama alihamia huko wiki tatu zilizopita, juu kabisa, chumba cha mwisho kwenye korido. Alikichagua mwenyewe kwa ajili ya dirisha. Magoti yamemwisha, bila fremu yake ya chuma ya kutembelea hapigi hatua, lakini macho ni ya msichana na hataki kupitwa na lolote barabarani. Nami niliringa, sitaki kudanganya. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba mama yangu analala chini ya mabomba yenye kibali nilichokifuatilia mimi.

Jumatatu nilimpelekea mafuta ya kuchua, mnamo saa tatu asubuhi. Nilimkuta hajaoga.

"Shikamoo mama. Maji hamna?"

"Marahaba. Yapo, ila yana maringo. Jumapili yanamwagika mpaka unaomba yapungue. Siku za kazi, asubuhi kama hivi, yanatoka kama machozi ya mrithi msibani."

Nikacheka. Kisha nikakumbuka siku niliyopima maji ya mtaa ule.

Huwezi kuomba kibali bila kupima presha ya maji kwenye bomba kuu la mtaa. Kwa namba ile shemeji anapiga hesabu kama maji yatafika juu kwa nguvu yake yenyewe, au jengo linahitaji tangi na pampu. Kwa jengo hili nilipima mimi. Tulikuwa tumechelewa, mwenye jengo anatupigia simu kila saa, nikachagua siku ya mapumziko kwa sababu barabara ingekuwa tupu. Namba ikatoka nzuri. Hesabu ikapita kwa unywele, pampu ikafutwa kwenye mchoro, kila mtu akafurahi. Na namba ilikuwa ya kweli, ndiyo ubaya wake. Nyuma ya mtaa ule kuna kiwanda cha sabuni na kingine cha kutia nguo rangi, na vyote vinanyonya bomba lilelile. Siku ile vilikuwa vimefungwa. Hata ukaguzi wa mwisho niliupanga mimi, Jumapili, ili mkaguzi asikwame kwenye foleni ya magari. Mpuuzi mimi.

Nilimwomba mlinzi anyamazishe kengele ya moto kwa dakika tano. Nje ya mlango wa mama, ukutani, kuna koki ndogo ya majaribio. Huwekwa juu na mbali kuliko zote, kwa sababu maji yakiwa na nguvu pale, yana nguvu kote. Yakifunguliwa hutokea nje ya ukuta. Nikaifungua, nikachungulia dirishani. Mwanzo yaliruka, yale yaliyokuwa yamebanwa ndani ya mabomba. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Baada ya hapo yakawa yanateleza ukutani taratibu, hayazimi hata kiberiti.

Korido ile ina vyumba kumi na tisa, kila kimoja na mzee wake. Mlango wa tatu mtu alikuwa anachoma mkate kwenye jiko la umeme, na ile harufu tu ilinifanya nigeuke kutafuta moshi.

Nilimpigia shemeji nikiwa kwenye ngazi.

"Shemeji, tulia," alisema. "Tutafunga pampu kimya kimya. Nipe miezi miwili."

"Na moto ukija mwezi ujao?"

"Unaongea utadhani mmeshapanga naye."

"Mama mkwe wako yuko ghorofa ya saba."

Nikasikia mtu akigonga bomba nyuma yake.

"Basi mhamishe yeye," akasema.

Niseme ukweli, wazo lilinivutia. Nilishuka ghorofa mbili nzima nikilitafuna. Ghorofa ya tano nikakutana na babu mmoja asiyeona, dereva wa treni wa zamani, anayekaa jirani na mama. Alikuwa anapanda kwa kupapasa ukuta, maana lifti humtia kizunguzungu. Akanitambua kwa viatu, akaniuliza kama mvua itanyesha. Nikaenda manispaa.

Kwenye dirisha la vibali anakaa mzee tunayemwita Bwana Kesho, na sina haja ya kueleza kwa nini.

"Nimekuja kurudisha kibali," nikamwambia.

"Kukihuisha?"

"Kukirudisha. Kimekosewa. Nimekosea mimi."

Akavua miwani. Hakukuwa na fomu ya jambo hilo. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumrudishia muhuri. Akanipa karatasi nyeupe, nikaandika yote: tarehe, saa, viwanda, koki. Akasoma mara mbili.

"Dada, unajua saini yako haitapokelewa tena hapa?"

"Najua."

"Na shemeji yako?"

"Hilo nitalijua nikifika kwake. Wale wazee wanatoka lini?"

"Agizo la kufunga ghorofa linahitaji saini nne. Siku saba, nikikimbia." Na kweli alikuwa ameshasimama, sijawahi kumwona amesimama. "Mpaka siku hiyo, sheria inataka mtu atembee korido. Kila nusu saa, chumba kwa chumba. Anaangalia, ananusa, anasaini. Akiona moshi, anawatoa."

"Mtu gani?"

"Aliyesaini maombi ya kibali."

Akanisukumia daftari lenye mistari.

Zamu ya kwanza niliianza saa kumi jioni. Mlinzi angenishikia saa mbili usiku, nipumzike kidogo. Dada alikuwa amelia kwenye simu, kisha akasema atakuja na gari kesho asubuhi kumchukua mama. Nikagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Shikamoo, nakuja kuangalia tu. Wananikaribisha, wananiuliza habari za watoto. Mimi macho yangu kwenye nyaya, kwenye majiko, kwenye mapazia yanayogusa taa. Halafu nikajikuta nahesabu kitu kingine, nani anaweza kushuka ngazi mwenyewe, kwa sababu lifti haipandwi moto ukiwaka. Niliwapata wanne. Yule dereva nilimhesabu, nikamfuta, nikamhesabu tena.

Mama alikuwa kitandani, hajakaa dirishani. Nilimwambia yote. Hakunigombeza.

"Kwa hiyo kesho naondoka," akasema.

"Kesho asubuhi, mama."

"Na leo?"

"Leo nipo mimi."

Akaitazama dari, vile vichwa viwili vidogo vya kumwagia maji vinavyong'aa juu ya kitanda chake.

"Moto ukitokea leo, unaanza na nani?"

Nilidhani najua atakachosema. Mama yangu ndiye aliyekuwa akitugawia chakula akabaki na ukoko wa sufuria. Nilishaandaa hata la kumpinga.

"Anza na mimi," akasema, akanishika mkono kwa vidole vyenye baridi. "Usiniache mwisho, mwanangu. Naogopa."

"Ndiyo, mama."

Nikatoka nikasimama koridoni na daftari langu. Ngazi ziko upande wa pili kabisa. Ningewapita watu kumi na wanane nikimfuata mama, na kumi na wanane nikirudi naye mgongoni, wengine wakiniita. Nilijua kwamba ningefanya hivyohivyo, na kila nusu saa nilirudi kuwagongea, wakaniambia karibu.