Kinga Ilikuwa Chini

Vumbi la mbao lilikuwa lake. Mengine alikosa.

Hakuwa na cheti chenye mhuri. Hakuwa na mke, maana mke alitangulia, wala mtoto wa kumwachia randa zake. Hakuwa na kiti cha mbele kanisani, ingawa viti vyote vya mbele alivitengeneza yeye. Hakuwa na subira na mtu anayepima ubao kwa kiganja na kusema "kama hivi." Hakuwa na rafiki ambaye hakuwahi kumsahihisha.

Lakini vidole alikuwa navyo, vyote kumi, baada ya miaka arobaini na mmoja mbele ya msumeno wa mashine. Asubuhi mwanga ulipopenya tundu la bati na kusimama katikati ya kiwanda kama nguzo, na vumbi likapanda na kushuka ndani yake, yeye alinyoosha mikono katika nguzo ile akavihesabu vidole vyake, kwa makusudi, ili wenzake waone. Walimwita Rula. Hakukasirika. Alilipenda jina kuliko alilopewa na baba yake.

Mdogo wake alikuwa na vidole kumi mpaka Alhamisi moja, saa nne asubuhi. Sasa ana sita.

Mungu alipanga, walisema.

Wasikie watu hawa, msomaji, wasikie vizuri. Mbao zikiuzwa, ni bidii ya Tajiri. Mbao zikipasuka, Mungu alipanga. Paa likishika, sifa kwa fundi. Paa likivuja, Mungu alipanga. Wamempa Mwenyezi kazi ya mfagiaji: apite nyuma yao na ufagio, akusanye walichobomoa, akitupe mbali, na asiseme neno. Kisha Jumapili wanavaa vizuri, wanakwenda kumwimbia kwamba Yeye ni mkuu.

Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa wa kwanza kulisema. Damu ilikuwa bado inatiririka kwenye meza ya chuma, naye alishavua kofia. "Jamani, tukubali. Hata chembe ya vumbi haisogei Mungu asipotaka." Akaivaa kofia, akauliza mimbari itakamilika lini.

Maana ilikuwa mimbari. Kanisa lilitaka mimbari mpya, na Tajiri, mzee wa kanisa, aliahidi mbele ya watu kwamba itakuwa tayari kabla miezi miwili haijaisha.

Akaja mkaguzi wa viwanda na kalamu yake. Akautazama msumeno, akaitazama kinga, lile bamba la chuma linaloshuka lenyewe juu ya meno ili mkono wa mtu usifike. Kinga ilikuwa chini, mahali pake, nzima, haina ufa. Mkaguzi akaiinua, akaiachia, ikashuka. Akaiinua tena, akaiachia, ikashuka. Akakuna kichwa, akaandika: *Kinga ilikuwa chini.*

Kwa maneno hayo matatu mtaa mzima ukapata mahubiri. Kinga ilikuwa chini, na mkono ukakatwa! Chuma kimefunika meno, na meno yamekula! Kina mama bombani walishika vifua. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu, akaeleza kwa mkasi. Huo si msumeno, walisema, huo ni mkono wa Mungu.

Wodini, mchungaji alikaa upande wa kulia wa kitanda, upande wa bandeji. Mwinjilisti alikaa upande wa kushoto, upande wa machungwa, na alikuwa ameshamenya la pili.

"Mungu ana enzi yote, ndugu yangu," mchungaji alimwambia mgonjwa. "Hakuna kinachotokea asichokiamuru. Ameugusa mkono wako ili uuchunguze moyo wako. Kuna kitu anakitafuta humo."

"Samahani, mchungaji, hapo tunatofautiana," mwinjilisti alisema, akatema kokwa kiganjani. "Mungu hakati watu vidole. Ametupa hiari. Ndugu yetu aliupeleka mkono mwenyewe. Hakuna aliyemshika akamsukuma."

"Unataka kusema Mungu hakujua?"

"Alijua. Kujua si kusukuma."

"Naomba maji," mgonjwa alisema.

"Subiri kidogo, ndugu, tulimalize hili."

Hawakulimaliza. Waliendelea mpaka muuguzi akaja kuwafukuza. Kwa mmoja, yule aliyelala alikuwa na dhambi iliyofichika. Kwa mwingine, alikuwa mzembe. Walibishana juu ya Mungu mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na waliafikiana bila kujua juu ya jambo moja tu: mwenye kosa ni huyu aliye kitandani. Enzi ilimhukumu, hiari ikamhukumu. Wala hakuna aliyegeuza shingo kumtazama mtu aliyesimama miguuni pa kitanda, mkono wa kulia mfukoni, vidole vitano vimeshika kitu.

Kilikuwa ukanda wa mpira, mrefu kama kiganja, uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Sikia sasa ukanda ule ulifanya nini. Kinga ikishuka, haifuniki meno tu. Hufunika pia mstari wa penseli. Na Rula hakuweza kuishi bila kuuona mstari wake. Kwa hiyo, akipasua mbao za kazi safi, aliinua kinga akaifunga juu kwa ukanda wa mpira, akimaliza, aliufungua. Hufunga, hufungua. Miaka arobaini na mmoja, hufunga, hufungua, na hakusahau hata siku moja. Kiwanda kizima kilijua: Rula akiondoka mezani, kinga iko chini. Wengine waliitazama kinga kabla ya kuugusa msumeno. Mdogo wake hakuitazama. Kwa nini aitazame? Kaka yake alikuwa ametoka tu pale.

Alhamisi ile Rula alipasua mbao za ubavu wa mimbari. Tajiri akamwita nje aje aone mzigo wa mbao ulioingia. Akaenda. Alitaka sana kuukataa mzigo ule, kukataa mzigo ni raha yake, na katika haraka ya kwenda kukataa hakufungua. Mdogo wake akaja kufagia vipande kwa mkono, msumeno ukizunguka kama ulivyozunguka tangu asubuhi, kama tunavyofagia makombo mezani.

Na watu walipokimbia na mgonjwa, wakipiga kelele wapate gari, Rula alibaki peke yake na mashine. Akafungua ukanda. Akautia mfukoni. Kinga ikashuka polepole, kama kope.

Mungu alipanga. Haya, nani alifunga?

Wiki ya kwanza alikuwa upande wa mchungaji. Kama Mungu ameamuru yote, aliwaza, basi ni Yeye aliyefunga ule mpira, na mimi nilikuwa kamba tu. Akalala vizuri. Wiki ya nne alihamia kwa mwinjilisti. Kila mtu ana macho yake na hiari yake, angetazama. Akalala vizuri vilevile. Mafundisho mawili, mito miwili ya kulalia, na manyoya ni yaleyale! Alikuwa mtu wa kusahihisha: alimsahihisha mkaguzi tahajia, alimsahihisha mhubiri tarehe, alisoma masomo ya jioni akiwa na mvi ili mtu asije akamwambia hajui. Na katika wiki saba hakuona kosa la kusahihisha katika maneno matatu ya mkaguzi.

Awadharau wote, Rula? Awadharau. Wanastahili. Lakini wao walikuwa hawajui. Kiwandani humo mtu mmoja tu alijua, na huyo ndiye aliyeitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ijumaa mdogo wake alikuja, mkono umefungwa kitambaa safi, uso unang'aa. Alikaa kwenye kigoda, akacheka kabla hajasema.

"Kaka, nimeipata."

"Umepata nini?"

"Dhambi yangu. Wiki saba naitafuta. Nimepita maisha yangu yote, mlango kwa mlango. Sijaiba. Nje ya ndoa sijatoka, ingawa shemeji yako haamini. Halafu jana, kuoga tu, ikaja. Unakumbuka kioo cha mama?"

Rula alikumbuka. Kioo chenye fremu ya bluu, kilikutwa vipande viwili nyuma ya mlango.

"Nilikivunja mimi," mdogo wake alisema. "Ukachapwa wewe. Nikakaa kimya. Miaka hamsini na tano, kaka, nimekaa kimya! Ndicho Mungu alichokuwa anakitafuta. Nimemwambia mchungaji, amefurahi sana. Jumapili, mimbari ikizinduliwa, nitasimama nitoe ushuhuda. Nitasema mbele ya watu wote: mkono huu ulistahili."

"Kwa kioo?"

"Si kioo. Ni kumwacha ndugu yako abebe kosa lako." Akanyanyuka, akampiga bega kwa mkono wa kushoto. "Utanisamehe lakini, eti? Umeshazeeka, huwezi kunichapa."

Akaondoka akipiga mluzi. Rula alikaa pale pale mpaka chai ikafanya ngozi.

Jumamosi alasiri akatoa karatasi. Akachonga penseli, akaitupa, akachukua kalamu ya wino. Alijua kuandika barua: anwani juu kulia, tarehe, mwanzo wa heshima. Aliandika kurasa nne zenye *enzi* na *hiari*, na mahali pazuri kuhusu udhaifu wa mwanadamu. Akazisoma. Zilikuwa nzuri. Zilinuka kama mchungaji. Akazichana. Akaandika nyingine tatu juu ya haraka za Tajiri, zote kweli tupu. Akazichana pia. Mwishowe akaandika hivi, kwa hati yake ya masomo ya jioni, kila herufi imesimama wima:

*Mdogo wangu,*

*Kinga haikuwa chini. Niliifunga juu kwa mpira huu nikaondoka. Ulipoumia, niliufungua nikauficha. Mungu hakutafuta kitu kwako. Kuhusu kama alijua au alipanga, nitamuuliza mwenyewe tukikutana. Lakini aliyefunga ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi, na kwa hilo la pili sikuitwa na Tajiri wala sikuwa na haraka.*

*Kioo nilijua ni wewe. Nilikuona. Nilikubali mwenyewe kuchapwa.*

*Kesho usisimame. Nitasimama mimi.*

*Kaka yako.*

Mlango ukagongwa. Alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado shingoni. Alikuja kuazima koti jeusi la Rula, mumewe alivae kesho.

"Kwanza litanyooka?" alisema, akiligeuza. "Mume wangu anakwenda kujiaibisha kwa koti la kuazima. Shemeji, nikuulize wewe uliyesoma. Hivi Mungu ana mikono mingapi?"

"Kwa nini?"

"Maana naona kila mtu anaficha wake nyuma ya wake Yeye. Hauchoki?"

Rula alirudi mezani. Alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha. Akatoa ukanda wa mpira mfukoni, ambako ulikaa wiki saba ukapata joto la mwili wake, akautia juu ya karatasi. Bahasha ikavimba. Akailamba gundi, ilikuwa na ladha ya mbao, kama kila kitu alichowahi kugusa. Akaibana kwa kidole gumba, kutoka ncha hadi ncha, polepole, kama mtu anayebana kiungo cha mbao hadi gundi ishike.

"Mpe mkononi. Aisome leo, kabla hajalala."

Shemeji akaipima kwa vidole. "Ndani kuna nini? Mbona kinajikunja?"

"Atakijua."

Shemeji alimtazama usoni, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Kisha akaitia bahasha kifuani, akatoka nalo koti, na pale kizingitini, jua la alasiri likiwa limesimama mlangoni kama nguzo, akalikung'uta kwa kiganja mara moja, mara mbili. Vumbi la mbao likaruka, la miaka yote, kutoka mikunjo na mifuko na mishono. Likajaa mwangani, likapanda, likashuka.

"Jamani!" alisema, akikohoa. "Vumbi lote hili la nani?"

"Langu," Rula alisema.

Naye akaenda na barua.