Mtihani Siku ya Arobaini

Miaka kumi na tisa nimepeleka lori Bengamisa na kurudi, sikugonga hata mbuzi. Sasa wakubwa wanasema permis yangu ya zamani, leseni ya kuendesha, ni karatasi tu, lazima nifanye mtihani wa kuandika, wa alama za barabara. Barabara yenyewe hawana, lakini mtihani wanao.

Mwenye lori, papa Dominique, alinipa miezi mitatu. "Bila permis mupya, Zuberi, lori nitamupa mutu mwingine."

Shule niliacha mwaka wa tatu. Aliyekuwa ananifundisha ni bibi yangu, Safi, mama ya Karima. Alichora alama kwenye makartoni ya sabuni kwa rangi ya kucha, akazitundika nyumba nzima. Ile nyekundu yenye mstari mweupe katikati, sens interdit, ya kukataza kuingia, aliifunga kwenye mlango wa jiko.

"Hapa haupite, papa Karima, mpaka chakula kiive. Ukiingia, utalipa amende!"

Binti yetu Karima alikuwa anacheka mpaka machozi.

Tarehe ya kwanza ya mtihani, umeme ulikatika. Ya pili, mtahini alikuwa safarini, Opala huko. Kila mara wanasema: tutabandika ingine ukutani. Nikingoja ya tatu, homa ikamshika Safi. Gari ya kumpeleka hospitali ilikwama kwenye shimo ambalo mtaa mzima unalijua, na wakubwa pia wanalijua, maana wanalizunguka na jeep zao. Alifika amechelewa. Tulimzika kesho yake.

Ndipo tarehe ikabandikwa: saa tatu asubuhi, siku ya arobaini yake, siku ya dua ya kumaliza matanga.

Nikaenda ofisi ya permis, kule Makiso. Karani, mama Nadège, alikuwa anamenya karanga juu ya madossier, mafaili yetu.

"Mama, siku ile niko na dua ya bibi yangu. Nipe ingine."

"Papa, tarehe si mikate, mutu hachague. Usipokuja, dossier inaanza upya. Miezi sita."

"Na marehemu naye aanze upya?"

"Dua iko saa ngapi?"

"Saa nane."

"Alors? Saa tatu mpaka saa nane, unaweza hata kuoa tena."

Watu wa foleni wakacheka. Sijawasamehe.

Bon, siku ile nilikuwa pale tangu saa moja. Tulikuwa watu kumi na wawili. Saa tatu, hakuna mtahini. Saa tano, hakuna. Saa saba shemeji yangu Yusufu akapiga simu.

"Shehe amefika, watu wamekaa kwenye mikeka. Uko wapi?"

"Bado kidogo."

"Kidogo gani? Safi hana arobaini mbili!"

Saa saba na nusu nikatoka, nikaita toleka. Kabla sijapanda nyuma ya baiskeli, jeep ya mtahini ikatokea, ikiingia njia ya ofisi kwa upande uliokatazwa, chini ya kibao chenyewe. Watu wa toleka wakaruka pembeni. Akashusha kioo.

"Papa, unaenda wapi? Tunaanza sasa hivi."

Nikamwonyesha kibao kwa kidole. "Chef, sens interdit."

Alitazama kibao, akanitazama mimi, akacheka. "Lakini unajua! Ingia basi, uandike."

"Kuna mutu ananingoja."

Dua niliiwahi. Kesho yake nikakuta ukutani, mbele ya jina langu: absent, yaani sikuwepo. Na yeye aliyetukalisha kutwa nzima alitia sahihi chini, na muhuri juu yake.

Lori sasa iko na Lionel, mpwa wa mtu mmoja pale ofisini. Permis anayo, ya plastiki, inang'aa. Kwenye foleni yetu sikumwona hata siku moja.

Kartoni ya Safi bado iko kwenye mlango wa jiko. Karima anataka kuitoa, nimemkatalia. Mimi nakaa nje mpaka chakula kiive.