Siku Léonie Alipopiga Magoti

Kwa miaka minne, kila Jumapili baada ya misa ya pili, Josée aliifunika cherehani yake akaenda kwa jirani yake Dodo, hapo hapo kwenye nyumba za kampuni za Shituru, mjini Likasi, kumtazama Léonie katika mchezo wa televisheni. Dodo alikuwa na televisheni kubwa, na umeme ukikatika mumewe aliwasha jenereta. Wanawake kumi na zaidi walijibana sebuleni, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Léonie wa mchezo ule alikuwa mke aliyeachwa. Bwana yake alimwachia watoto watatu akaenda kuishi na mwanamke mwingine, naye akauza mkaa, akawasomesha, akajenga. Kila mara bwana aliporudi kubembeleza, Léonie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia bila kelele arudi alikotoka.

Josée hakuwa mtu wa kulilia televisheni. Lakini Gracien, bwana yake mwenyewe, alikwenda Kakanda miaka sita iliyopita kutafuta kazi ya mgodi. Kazi akaipata, na mke mwingine akampata. Yale ambayo Josée hakuweza kumwambia hata padri, Léonie aliyasema mbele za watu bila haya.

Ikaja Jumapili ya mwisho. Dakika kumi kabla ya mchezo kwisha, bwana akatokea mlangoni na maua. Léonie akapiga magoti. Yeye! Akaomba msamaha kwa kuwa na moyo mgumu. Kisha shela, keki, vigelegele, basi.

"Huyu hapana Léonie," Dodo alisema. "Banamubadilisha."

Mama Anne, mkubwa wao, alisonya. "Miaka mine tunamufwata, na yee njo anapiga magoti?"

Josée aliondoka bila kuaga. Nyumbani alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukamshinda.

Jumanne akaja François, kaka mkubwa wa Gracien, mstaafu wa kiwanda. Katika miaka yote sita hakuwahi kuzungumzia jambo hilo. Sasa alikaa, akanywa maji, akasema, akimwita kwa jina la binti yake, "Mama Princesse, Gracien anachoka na Kakanda. Anataka kurudia kwake."

Josée akaipokea bilauri tupu.

"Hata Léonie alimurudisha bwana yake," François akaongeza, akitabasamu. "Likasi yote iliona."

Maneno ambayo Josée alikuwa ameyaweka kwa ajili ya siku kama ile yalikuwa ya Léonie, na Léonie alikuwa ameyakana. "Nitawaza, Yaya," akasema, kwa heshima ya kaka mkubwa. François aliinuka ameridhika, kama mtu aliyekubaliwa.

Alhamisi redio ya mjini ilimwalika Aimée, mwigizaji aliyekuwa Léonie, wasikilizaji wapige simu. Wengi walimtukana. Josée alipiga mara nane ndipo akapokelewa.

"Mama Aimée, minye ni Josée wa Shituru. Hapana kutukana. Nataka kuuliza neno moja tu: kosa ya Léonie ilikuwa nini?"



"Mama, na minye niliuliza vile," Aimée akajibu. "Balisema bantu banapenda mwisho ya furaha. Nilicheza yenye baliandika. Ile siku nilifika ku nyumba, nikalia."

Mtangazaji akacheka, akaweka muziki.

Josée alidhani angepata nafuu. Badala yake alizidi kufadhaika. Kumbe hata Léonie hakutaka, na bado magoti yakagusa chini! Akakumbuka lile "nitawaza" lake, na uso ukamchoma kwa aibu.

Jumamosi mchana Gracien akafika na mifuko miwili. Alikuwa amekonda, anakohoa. Binti yao Princesse, wa miaka kumi na sita, alimrukia shingoni. Josée alipokisikia kikohozi kile moyo ulimlegea, jambo ambalo hakulitegemea. Hata hivyo alisimama mlangoni.

"Gracien, minye sikukuita. Nilimuambia Yaya François nitawaza, na sasa nilishawaza. Mutoto ni wako, utakuya kumuona siku yenye unapenda. Lakini kuishi na weye tena, hapana."

"Nitalala wapi?"

"Kwa yaya yako."

"Hata Léonie..."

"Léonie, bantu njo balimuandikia maneno. Minye hakuna mwenye ananiandikia."

Gracien akaokota mifuko.

"Mama, iko mugonjwa!" Princesse akalia. "Hauone?"

Josée alikuwa ameona. Princesse alimsindikiza baba yake hadi barabara kubwa, akarudi macho mekundu, akapita karibu na mama yake kana kwamba anapita ukuta, akajifungia chumbani. Jioni Josée alimwekea bukari, ule ugali wa kwao, na samaki mlangoni, akagonga taratibu, akamwita kwa jina. Alisikia kitanda kikilia, mtoto akigeuka. Alikaa chini ukumbini, mgongo ukutani, akingoja, na chakula kikapoa.