Shimo la Siku ya Pili

Lori liliingia uani Chizue akiwa bado anazoa theluji. Akashuka kijana mgeni, amevaa viatu vya mjini, akainama mpaka kofia ikamdondoka.

"Samahani mama, nimekuvamia. Mimi ni Naoya, shangazi yangu ni Mitsue. Nyonga yake haijapona, kwa hiyo ng'ombe niko nao mimi. Chakula chao kimekwisha jana. Anasema ulimwahidi lori tatu za saileji, yale majani ya kuchachushwa shimoni, yanayonukia kama figili zilizochachuka kwenye pipa."

Ahadi ilikuwepo. Mwezi wa sita, nyumba saba za bonde zilipokatiana majani kwa zamu, Mitsue aliendesha trekta lake kwa Chizue siku mbili, ya pili kwenye mvua. Wiki ileile akaanguka ngazini, na zamu yake ikapita majani yake yakiwa bado yamesimama.

"Twende," alisema Chizue.

Wakaenda kwenye shimo la pili, lililojazwa siku ile ya mvua, ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Chizue alishusha matairi yaliyokandamiza turubai, akalifunua.

Uvundo ukampiga usoni. Ilikuwa harufu ya matapishi, ya siagi iliyooza, ya soksi iliyosahauliwa ndani ya buti. Alipotia mkono, majani yalimteleza vidoleni kama makamasi, meusi, yenye uvuguvugu. Naoya aligeuka akatapika kwenye theluji.

"Ndiyo yenyewe, sio?" aliuliza akijifuta mdomo. "Mimi sijui mambo haya. Ila kama kwa shangazi hii ni figili, pua yake ikapimwe."

Chizue hakuweza kucheka. Alishalijua kosa. Jioni ya siku ya kwanza ya kukata majani alikuwa ameliosha tangi la kupulizia dawa kwa klorini ya mabomba ya kukamulia, maana mkamuaji wa bonde lile haendi kulala akiwa na chombo ambacho hakijapita kwenye klorini. Hakulisuuza. Asubuhi akakorogea humo unga wa bakteria, wale wa kuchachusha majani upesi yasioze, ili tumbo la ng'ombe liyameng'enye vizuri. Aliwaua wote kabla hawajagusa jani. Usafi wake ndio uliozaa uchafu huu.

Mzee Genzo, baba mkwe wake, alikuja mikono nyuma, akamvuta kando.

"Mjazie hiyohiyo. Kashasema mwenyewe hajui kitu."

"Baba, ng'ombe wataugua."

"Wataugua wa kwake! Shimo la kwanza linatufikisha mwezi wa tano kwa kubana. Ukitoa lori tatu, mitamba wetu wawili wenye mimba watauzwa. Unanisikia?"

Alimsikia. Na kwa pumzi moja au mbili alilipima neno lile, akaona linawezekana kabisa: kijana angeshukuru, angeinama tena, angeondoka. Hapo akajionea kinyaa kuliko alivyoyaonea majani yale yaliyooza.

"Naoya! Rudisha lori nyuma, uje shimo lile la kwanza."

"Na hii, mama?"

"Hii imeoza. Nimeiharibu mimi, kwa mikono yangu. Usije ukamlisha ng'ombe kitu kama hiki, hata akikuambia nani."

"Haya," alisema Genzo, akatema mate. "Siku wanunuzi wakija, kamba ya mitamba utaishika wewe. Mimi simo."

"Nitaishika, baba."

Naoya alikwenda na kurudi, akaenda tena. Kila mzigo ulipotoka, ukuta wa saileji ulirudi nyuma, na Chizue alijikuta akihesabu wiki badala ya kutazama kazi. Mkono wa koti ulikuwa bado unanuka. Kila alipogeuza trekta kumwaga saileji lorini, uvundo ulimrudia. Mchana, lori la tatu likiwa limefika nusu, Naoya alipunga mikono.

"Basi, mama! Inatosha, wallahi. Nimemsikia mzee."

"Haijajaa," alisema Chizue, akarudisha trekta shimoni kuchota nyingine.