Mmoja Katika Elfu Arobaini

Kaka na dada hawa walitoka tumbo moja, wakafanya kazi chumba kimoja, na kupatana hawakupatana. Walitengeneza makufuli ya siri ya kufungia ujumbe wa simu, yale ambayo hata kompyuta za kwanta, zile za kizazi kijacho, zikija na nguvu zao zote, zisiyavunje. Siri hufichwa kwenye wavu wa nukta usio na mwisho, kisha husogezwa kidogo pembeni, mwizi asijue imetoka nukta ipi. Ugomvi ulikuwa hapo: isogezwe kiasi gani? Kaka alitaka sana, kufuli liwe jepesi; dada alitaka kidogo, hata likiwa zito.

"La kwako zito kama gunia la chumvi lililonyeshewa," kaka alimtania.

"La kwako, kaka, siku moja litasogeza mno, hata mwenye ufunguo asione kitu."

"Likikwama si nitatuma tena? Kwani naenda wapi?"

Wakaamua kuyapima wenyewe. Kila walichoandikiana, hata "nunua sabuni", kilipita humo, kila mtu kwa kufuli lake. Nakala haibaki; ufunguo ukishatumika mara moja, unajifuta.

Kisha kaka akalazwa. Asubuhi ya upasuaji aliandika ujumbe. Muuguzi alimwona: anaandika, anafuta, anaandika tena, anacheka peke yake. Dada alikuwa amenuna tangu jana yake, kwa ubishi uleule, akauacha ujumbe ukae. "Angoje kidogo," alisema moyoni.

Alikuja kuufungua kwenye ngazi za hospitali, baada ya daktari kumwambia pole.

Skrini ikaandika: *Umeshindwa kufunguka. Mwombe aliyetuma atume tena.*

Maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe, miaka minne nyuma, kumkomoa kaka. Ufunguo ulikuwa umeshajifuta. Akabaki na simu mkononi, mbele ya kufuli ambalo wawili hao walihangaika miaka sita lisivunjwe na yeyote.

Matanga yalipokwisha alirudi kazini. Mkuu wao alitaka ripoti: kufuli lipi lichukuliwe?

"La marehemu limekwama mara ngapi, mama?"

"Moja."

"Katika jumbe ngapi?"

"Elfu arobaini na kidogo."

Mkuu akashusha pumzi. "Mmoja tu? Huo si kitu. Na ni jepesi mara tatu kuliko lako. Basi kaka yako kashinda."

"Kashinda," dada akaitikia. Akaandika moja kwenye safu ya kaka, taratibu, kama mtu anayeandika jina.